Unatengeneza grafu ya pesa za chama kwenye tovuti? Pata usaidizi bila kuanika taarifa za wenzako

Chama chenu kimekua. Mlianza watu saba mkichanga elfu moja kila mwezi, sasa mko thelathini, wawili wako Marekani, mmoja Qatar, na kila mtu anataka kujua pesa zimefika wapi. Kijana wa mmoja wenu amewafungulia tovuti ndogo. Halafu mwenyekiti anasema, "Tuwekee hapo grafu, ile ukiigusa inakuambia mwezi gani tulichanga ngapi." Wewe ndiwe mweka hazina, basi kazi imekuangukia.

Kuitengeneza si kazi kubwa vile inavyosikika. Zana za bure ziko nyingi, na mtu ambaye hajawahi kuandika msimbo hata siku moja anaweza kupata grafu nzuri kwa jioni moja. Shida huja pale grafu inapokataa kutokea, au inapotokea na hesabu za ajabu. Hapo mtu anaanza kutafuta msaada kwa pupa. Anamtumia jamaa fulani taarifa nzima ya miamala. Anaibandika mtandaoni ili wataalamu waone. Au anampa fundi simu yenyewe, "angalia tu mwenyewe". Tutaongea juu ya hapo hasa: namna ya kupata usaidizi wa kweli, na wa haraka, huku majina, nambari za simu na michango ya wenzako ikibaki kwenu.

Grafu ya kugusa hubeba data yake

Grafu shirikishi ndiyo hiyo ambayo ukiigusa inajibu. Unaweka kidole kwenye nguzo ya Machi, kijisanduku kinatokea na kusema "Machi: Sh45,000". Unagusa jina la mradi mmoja, nguzo zake zinafichika. Inapendeza, na kwa chama inasaidia sana kwa sababu kila mtu anajitafutia jibu lake bila kukupigia simu.

Lakini ukilinganisha na picha, kuna tofauti moja kubwa ambayo wengi hawaijui. Ukipiga picha ya skrini ya grafu ukaituma WhatsApp, anayeipokea anapata picha tu, rangi na mistari. Grafu ya kugusa inachorwa upya ndani ya simu ya kila anayefungua ukurasa. Ili kivinjari chake kiandike "Sh45,000", lazima nambari hiyo iwe imetumwa kwenye simu yake pamoja na ukurasa. Kila kitu ulichoipa grafu kimesafiri nayo, hata kile ambacho hakionekani. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kufungua chanzo cha ukurasa na kukisoma. Hahitaji ujuzi wowote wa kudukua.

Sasa chukua mfano huu. Umepakua taarifa ya mwaka mzima, mistari mia sita. Umeiweka faili yote kwenye tovuti, kisha ukaandika msimbo, au ukaandikiwa, unaojumlisha kwa kila mwezi. Kwenye skrini kuna nguzo 12 safi kabisa. Nyuma yake iko ile mistari mia sita: tarehe na saa, maelezo ambayo mara nyingi hubeba jina la aliyetuma na nambari yake nzima au nusu, kiasi, salio. Mkora akiisoma anajua kwamba mama fulani alituma Sh5,000 kwa chama jana saa mbili usiku. Leo asubuhi anampigia: "Mama, ni mimi wa kutoka ofisi ya chama. Zile elfu tano za jana zilirudi. Utaona SMS ina nambari, nisomee nikurekebishie." Mama anaamini, maana kiasi ni chenyewe na saa ni yenyewe.

Halafu kuna sheria. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari yoyote inayomtambulisha mtu ni data ya kibinafsi, na jina pamoja na nambari ya simu zimo. Wanachama walikupa ili uhesabu michango, hawakukupa uiweke mtandaoni.

Kwa hivyo jumlisha kwanza, ndipo uchore. Grafu ya michango ya mwaka inahitaji nambari 12 pekee. Nambari 12! Huna haja ya kupandisha faili yoyote. Fanya hesabu zako kwenye Excel au Google Sheets au hata kwenye daftari, kisha andika hizo jumla 12 kwa mkono ndani ya grafu. Ukitaka kuonyesha miradi mitatu, ni nambari 36. Bado ni kazi ya dakika kumi.

Kuna mtego mwingine njiani. Taarifa ya miamala huja kama PDF yenye neno la siri, na watu huitafutia tovuti ya kuigeuza iwe Excel. Tovuti hizo ziko mamia. Unapopandisha faili yako huko, pengine na neno la siri juu yake, umemkabidhi mtu usiyemjua orodha ya kila shilingi iliyoingia na kutoka kwako. Excel mpya ya kompyuta ya Windows ina njia yake ya kusoma PDF bila kuitoa kwenye kompyuta yako. Kama huna, keti na kikokotoo. Inachosha, lakini ni mara moja kwa mwezi.

Zana utakayochagua ndiyo itakayoamua nani atakusaidia

Kama wanachama wanataka kuona tu na hawahitaji kugusa, usijisumbue. Tengeneza grafu ya kawaida kwenye simu, ihifadhi kama picha, iweke kwenye tovuti au kwenye kundi la WhatsApp. Grafu nyingi tunazoona zikihangaisha watu zingekuwa sawa kabisa kama picha.

Ukitaka ya kugusa lakini hutaki msimbo, Google Sheets inakuwezesha kuchapisha grafu na kukupa kipande cha kubandika kwenye ukurasa. Hapo kuwa makini sana, kwa sababu dirisha lile lile linaweza kuchapisha hati nzima badala ya grafu moja. Tumia hati mpya yenye zile jumla pekee, isiwe ile ya michango ya kila mtu. Datawrapper, ya kampuni ya Ujerumani, ni nyepesi pia. Mpango wake wa bure unaruhusu kuchapisha, na hata huhitaji kujua kompyuta sana.

Ukiwa na mtu wa kukuandikia msimbo, Chart.js ni ya bure na ndiyo tungekushauri uanze nayo: nguzo, mistari na duara zinatosha chama chochote. Google Charts pia ni ya bure, ila haikubali upakue maktaba yake ukaiweke kwako, kila mara lazima iitwe kutoka kwa Google. Highcharts ni nzuri sana lakini matumizi ya biashara yanahitaji leseni ya kulipia, na fundi anaweza kukuwekea bila kukuambia. D3 iko tangu 2011 na magazeti makubwa ya dunia huitumia kuchora mambo makubwa. Kwa nguzo 12 ni kama kukodi lori kubeba kikapu cha nyanya.

Tunalisema hili mapema kwa sababu msaada hufuata zana. Ukichagua kitu ambacho watu wengi wanakitumia, shida yako karibu kila mara mtu mwingine ameshaipata, na jibu liko. Ukichagua programu ndogo isiyojulikana kwa kuwa rangi zake zinavutia, utakwama peke yako.

Shida zenyewe, na mbili zinazoharibu hesabu

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote, uliza kivinjari. Kwenye Chrome ya kompyuta bonyeza F12, kisha fungua sehemu ya Console, ile konsoli ambapo kivinjari huandika malalamiko yake kwa rangi nyekundu. Kama una simu pekee, andika msimbo wako kwenye CodePen au JSFiddle, ambazo zina konsoli yao ndani. Lakini jua kwamba kazi unayohifadhi CodePen kwa akaunti ya bure iko wazi kwa dunia nzima, kwa hivyo data ya kubuni pekee ndiyo iende huko.

Maneno ya konsoli ni ya Kiingereza na yanatisha, ila mengi yana maana ndogo. "Chart is not defined" maana yake maktaba yenyewe haijafika: anwani yake ina kosa, au bando limeisha, au umeiita grafu kabla maktaba haijapakiwa. "Canvas is already in use" ni kwamba unachora grafu mpya juu ya nyingine. Ile ya kwanza lazima iondolewe kwa amri ya destroy. Ukiona neno CORS, huenda umefungua ukurasa kwa kuubofya kutoka kwenye kompyuta, na ukurasa unajaribu kusoma faili ya pembeni. Kivinjari hukataa hilo kwa usalama wako. Andika zile nambari 12 ndani ya ukurasa wenyewe na shida inaisha.

Hizo ni nyepesi kwa sababu zinapiga kelele. Zinazoumiza ni zile mbili ambazo hazisemi kitu.

Ya kwanza ni mkato. Sisi huandika 38,500. Kompyuta ikipewa '38,500' ndani ya alama za nukuu inaona maandishi, na ikijaribu kuyageuza kuwa nambari ule mkato unaikwamisha. Matokeo: nguzo ya mwezi huo haitokei. Hakuna kosa jekundu, hakuna onyo, kuna pengo tu. Mwanachama akiangalia anasema, "Februari hatukuchanga?" Andika 38500 bila mkato na bila nukuu. Ule mkato wa kusomeka vizuri grafu itauweka yenyewe wakati wa kuonyesha.

Ya pili ni tarehe, na hii imeshawahi kuvunja urafiki wa watu wazima. Hapa kwetu 03/04/2024 ni tarehe tatu Aprili. JavaScript, lugha ambayo grafu hizi zimeandikwa nayo, huisoma Kimarekani: tarehe nne Machi. Kwa hivyo mchango wa tarehe tatu Aprili unahamia Machi. Wa tarehe 05/04 unahamia Mei. Wa tarehe 13/04 hauhamii popote, kwa sababu hakuna mwezi wa kumi na tatu, unatupwa tu. Unabaki na grafu ambayo jumla za miezi zimechanganyika, siku 12 za kwanza za kila mwezi zimetawanywa mwaka mzima na zilizobaki zimepotea. Inaonekana nzuri tu! Na mtu akiilinganisha na SMS zake, wa kwanza kushukiwa ni mweka hazina.

Google Sheets nayo ina tabia hiyo hiyo kama hati yako imewekwa kwa mpangilio wa Marekani. Ingia kwenye mipangilio ya hati uweke Kenya au Uingereza kabla hujaanza kuingiza tarehe.

Ukiandika kwa mtindo wa 2024-04-03 umeondoa utata wa siku na mwezi, ila bado kuna kamchezo kamoja. Tarehe ya namna hiyo isipokuwa na saa, JavaScript huihesabu kwa saa ya Greenwich. Nairobi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hivyo kwetu siku haibadiliki. Mwanachama aliye New York yuko nyuma, na simu yake itasema tarehe mbili. Mchango wa tarehe mosi Aprili kwake utaonekana wa Machi. Ndiyo maana tunarudi kwenye ushauri ule ule: jumlisha wewe mwenyewe kwa mwezi, na kwenye grafu uandike neno "Aprili" kama jina la kawaida, lisiwe tarehe kabisa. Na kama fundi wako anatumia tarehe za JavaScript kwa nambari, mkumbushe kwamba kule Januari ni 0, hivyo mwezi wa 3 ni Aprili.

Sisitiza hili kwa yeyote anayekusaidia: kabla grafu haijawekwa wazi, chukua miezi miwili, jumlisha kwa mkono kutoka kwenye taarifa, na ulinganishe na kile grafu inasema ukiigusa.

Mfano mdogo ndio unaokupa jibu

Tuseme umejaribu na bado. Sasa ni wakati wa kuuliza. Wengi hufikiri kwamba ukimpa msaidizi kila kitu, yaani tovuti nzima, faili nzima, picha kumi za skrini, ndipo ataelewa haraka. Ni kinyume. Mtu anayejibu bure ana dakika tano. Akiona mistari mia nne ya msimbo anapita. Akiona mistari 15 anaisoma.

Kwa hivyo kata. Tengeneza ukurasa mpya wenye grafu peke yake: miezi mitatu badala ya kumi na miwili, mradi mmoja badala ya mitatu, bila rangi na bila mapambo. Kiasi kiwe cha kubuni. Majina na nambari za simu usibadilishe badilishe tarakimu mbili za mwisho, hiyo inaweza kuwa nambari halisi ya mtu mwingine. Futa safu nzima, grafu haiihitaji.

Lakini ukibuni data, bakisha umbo lake. Kama kwenye faili yako kiasi kina mkato, hata cha kubuni kiwe na mkato. Kama tarehe zimeandikwa 03/04/2024, ziache hivyo. Kama kuna mwezi mtupu, acha mwezi mmoja mtupu. Ukisafisha kila kitu na grafu ikaanza kufanya kazi, umeshapata jibu: ugonjwa uko kwenye data, msimbo hauna shida. Rudisha vitu kimoja kimoja mpaka iharibike tena. Watu wengi hupata jibu hapa hapa, kabla hawajauliza mtu.

Ikiwa bado imekataa, ujumbe wako uwe kama huu:

"Natumia Chart.js toleo la 4, Chrome kwenye Windows. Nataka nguzo tatu: Januari, Februari, Machi. Ninachopata: Januari na Machi zinaonekana, Februari hakuna kitu. Konsoli haina kosa. Nimejaribu kubadilisha rangi na kupakia upya, haijasaidia. Msimbo wote ni mistari 15, nimeubandika hapa chini. Data ni ya kubuni."

Mtu anayejua ataona ule mkato wa Februari kabla hajamaliza kikombe cha chai. Angalia kilichomo: zana na toleo lake, ulichotaka, ulichopata, ulichojaribu, na msimbo ambao mtu anaweza kuunakili na kuujaribu. Hakuna jina la chama, hakuna mtu. Msimbo na maneno ya kosa yabandike kama maandishi, usipige picha, kwa sababu hakuna anayeweza kunakili picha. Na kama lazima utume picha ya skrini, usifiche nambari kwa ile kalamu ya rangi ya kwenye simu. Baadhi ya kalamu hizo zinapitisha mwanga, na mtu akiongeza mwangaza wa picha anasoma chini yake. Kata sehemu hiyo kabisa.

Mahali pa kuuliza

Anza na maelezo rasmi ya zana yenyewe. Chart.js na Google Charts zote zina kurasa za mifano unayoweza kunakili. Mara nyingi njia fupi ni kuchukua mfano wao unaofanya kazi, kisha ubadilishe nambari zao ziwe zako, kidogo kidogo, badala ya kuanza kutoka sufuri.

Stack Overflow, ambayo iko tangu 2008, ina maswali mengi sana ya grafu. Tafuta kabla ya kuuliza, na uangalie tarehe ya jibu. Chart.js ilibadilika sana ilipofika toleo la 3 mwaka 2021: mahali pa zamani paliandikwa yAxes, sasa ni y peke yake, na mambo kadhaa yamehamia sehemu ya plugins. Jibu la 2017 linaweza kuwa na kura mia mbili na lisikufae hata kidogo. Maswali huko huandikwa kwa Kiingereza. Kiingereza kifupi kilichovunjika pamoja na msimbo safi kinaeleweka vizuri kuliko insha. Kumbuka tu kwamba ukibandika kitu kisha ukihariri, toleo la kwanza hubaki kwenye historia ambayo wengine wanaweza kuifungua.

Programu za akili bandia kama ChatGPT pia zinasaidia, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuziuliza kwa Kiswahili. Zina udhaifu mmoja katika kazi hii: huchanganya matoleo, zikakupa nusu ya msimbo wa Chart.js 2 na nusu ya 4. Taja toleo lako kwenye swali. Na mfano unaowapa ni ule mdogo wa kubuni, sawa na ambao ungempa binadamu.

Kuna pia vijana wa karibu. Mahali kama Swahilipot Hub kule Mombasa na LakeHub kule Kisumu pamekuza wengi wanaofanya kazi hizi, na mara nyingi binamu aliye chuo anatosha. Mtu wa ana kwa ana ana faida: anaketi nawe na unamwona anachofanya.

Ukimlipa fundi

Patana naye kwa vipande. Kiasi kidogo mwanzo, kingine ukiona grafu ikifanya kazi kwenye simu yako mwenyewe na si kwenye kompyuta yake, na cha mwisho ukishalinganisha hesabu. Jina la tovuti na akaunti inapohifadhiwa viwe kwa jina la chama. Mpe ruhusa yake tofauti ya kuingia kama tovuti inaruhusu. Kama hairuhusu, badilisha neno la siri akimaliza. Mwambie aandike toleo la maktaba anayoita, mfano chart.js@4. Anwani isiyotaja toleo huleta jipya kila linapotoka, na siku moja grafu yenu italala bila mtu kuigusa.

Kisha kuna yule anayesema, "Nikuunganishie moja kwa moja na tili yenu, ikiingia pesa grafu inapanda." Inawezekana, lakini ni kazi ya seva na funguo za API, na funguo hizo hazipaswi kuonekana ndani ya ukurasa hata kidogo, kwa sababu ile ile ya mwanzo: kilichomo ndani ya ukurasa kinasomeka na kila mtu. Chama cha mchango wa kila mwezi hakihitaji jambo hili. Kusasisha nambari moja kwa mwezi kunatosha.

Akikuomba PIN, mazungumzo yameisha. Hakuna aina ya grafu inayohitaji PIN, wala nambari ya uthibitisho iliyokuja kwa SMS, wala kushika laini yako "dakika mbili tu". Hata sisi hatukuombi PIN.

Kama taarifa tayari imewekwa wazi

Pengine unasoma haya na unajua faili nzima iko kwenye tovuti tangu mwaka jana. Itoe leo. Kuifuta kwenye ukurasa hakutoshi kama fundi anahifadhi msimbo GitHub. Huko faili iliyofutwa hubaki kwenye historia ya mabadiliko, na mwulize kwa maneno hayo hayo kama ameiondoa hata kwenye historia. Tafuta jina la chama pamoja na jina la faili kwenye Google uone kama ilishaingizwa, na uombe iondolewe. Kama ulibandika kiungo mahali pa kuomba msaada, waandikie wasimamizi wa mahali pale wafiche toleo la zamani.

Kisha waambie wanachama, wote, kwa maneno ya wazi: ni miezi gani ilionekana, ni nini kilionekana, na kwamba mtu anaweza kuwapigia akitaja kiasi cha kweli na saa ya kweli. Wakipata simu kama hiyo wakate, wakupigie wewe kwa nambari wanayoijua. Sheria inataka pia Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu ulipojua, pale ambapo kuna hatari ya kweli kwa watu ambao data yao imetoka. Saa hizo zinaanza kuhesabiwa tangu ulipogundua faili iko wazi, kwa hivyo andika chini tarehe na saa ulipoiona, na ulichofanya baada ya hapo, hatua kwa hatua.